Siku Mgonjwa Alipopona

Glavu yangu haikunasa.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokigundua asubuhi ile ya Jumatatu. Laiti ningekuwa mtu wa kufungua mdomo, kisa cha leo kingeishia hapahapa, nanyi mngegeuza ukurasa mkasome habari za mpira.

Kwa aliyechelewa kunifuata: mimi ndiye yule niliyeacha shule darasa la tano, nikamvunjia mke wa mjomba nusu ya vyombo vyake, kisha nikafukuzwa saluni kwa kumnyoa kipara mama aliyekuja tu kumsubiri mwenzake. Niliona aibu kumuuliza anataka nini. Mwishowe mjomba, ambaye ninaishi kwake, akaniombea kazi kwenye karakana anakochomelea mabomba ya mafuta ya ndege. Humo wakanipa jina la Bubu. Na wiki iliyopita niliwaacha nikitumbukia mzimamzima kwenye beseni la rangi, mbele ya watu.

Rangi hiyo si ya kuchezea. Bomba likishachomelewa, mimi naliosha, nalizamisha kwenye rangi, nasubiri linywe, nalisuuza, nalikausha, nalipuliza unga mweupe. Kama mshono una ufa, hata mwembamba kama unywele, rangi inabaki imejificha humo. Kisha bomba linaingia chumba cha giza, mkaguzi analimulika kwa taa ya zambarau, na ule ufa unawaka kijani kama jicho la paka. Bomba halikatwi, halivunjwi, na siri yake inajulikana. Ndege hairuki mpaka mtu mmoja aliyekaa gizani aseme, “Sioni kitu.”

Sasa, kuna bomba moja fupi ambalo halijawahi kupanda ndege wala halitapanda. Tunaliita Mgonjwa. Mshono wake ni mbovu, umepasuka, una kijipele pembeni, na umetunzwa hivyohivyo miaka nenda rudi. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, Mgonjwa anazamishwa kwenye rangi na kuingizwa gizani. Nyufa zake zikiwaka, tunajua rangi ni nzima, taa ni nzima, kazi ianze. Ana hata cheti cha ugonjwa wake, kimetundikwa ofisini kwa Bosi ndani ya fremu. Pale karakanani hakuna mwingine aliyewekewa cheti kwenye fremu.

Glavu yangu hunasa kwenye kile kijipele kila ninapomsugua. Jumatatu ile iliteleza.

Nikamsugua tena. Ikateleza tena. Nikajiambia labda glavu imechakaa. Nikafanya yote yanayofanywa, nikampeleka gizani.

“Karibu, Masikio,” sauti ikasema.

Huyo ni mkaguzi. Wenzetu wanamwita Macho. Mimi ananiita Masikio kwa sababu tangu nilipotumbukia kwenye beseni, rangi imegoma kutoka nyuma ya masikio yangu, na mbele ya taa yake yanawaka kijani yote mawili. Ndivyo alivyonijua. Sura yangu alikuwa hajawahi kuitazama sawasawa, maana nje kwenye mwanga mimi hutembea nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano. Lakini mle gizani mdomo wangu hufunguka. Mle naweza kutoa hata sentensi nzima.

“Umeamkaje?” akaniuliza.

“Salama, kaka. Mgonjwa huyu hapa.”

Akamweka chini ya taa. Akamgeuza. Akamgeuza tena. Akamsogelea mpaka pua yake ikashika unga.

“Sioni kitu,” akasema.

Mkaguzi akisema hivyo kwa bomba lingine, watu hushangilia. Akisema hivyo kwa Mgonjwa, ni msiba.

Bosi alikuja mbio, kalamu sikioni.

“Rangi imekufa hiyo,” akasema. “Mwageni.”

Tukamwaga. Tukajaza mpya. Mgonjwa akazama, akaoshwa, akapulizwa unga, akaingia gizani.

“Sioni kitu.”

“Basi ni taa. Badilisheni.”

Tukabadilisha taa.

“Sioni kitu, Bosi. Labda tumwangalie Mgonjwa mwenyewe.”

“Mgonjwa ana cheti!” Bosi akapaza sauti. “Umewahi kuona wapi ufa unajiziba wenyewe? Rangi mpya, taa mpya. Kitu gani cha zamani kimebaki humu ndani?”

Kila mtu akatazama huku na huku. Kitu cha zamani kilichobaki kilikuwa macho ya Macho.

Wakaenda ofisini, kwenye ubao wa herufi ambao mkaguzi hupimiwa macho kila mwaka. Nilikuwa nimeitwa kupiga deki, kwa hiyo niliona yote. Macho akasoma kuanzia juu mpaka chini bila kukwama.

“Umezikariri,” Bosi akasema. “Kila mwaka ni zilezile. Geuzeni ubao juu chini.”

Wakaugeuza.

“Hii ni M,” Macho akasema.

“Ni W hiyo.”

“Ukiigeuza, Bosi.”

“Si tumeigeuza!”

“Basi ndiyo maana ni M.”

Bosi akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akautazama ubao muda mrefu. “Mimi siwezi kumwachia ndege mtu anayebishana na ubao,” akasema. “Ijumaa anakuja mgeni kutoka kwa wanaonunua mabomba yetu. Atataka kumwona Mgonjwa akiwaka, kama kawaida. Usipouona ufa mbele yake, natafuta macho mengine. Na wewe utafute kazi nyingine. Kwa sasa kaa mlangoni ukunje matambara.”

Sasa mtu ukimwambia haoni, anaanza kutoona. Kufika jioni Macho alikuwa anatembea amegusa ukuta. Nilimkuta kwenye uchochoro wa kutokea, ameinua vidole vyake mbele ya uso, anavihesabu.

“Masikio, ni wewe?”

“Ni mimi, kaka.”

“Nimekujua kwa hatua zako. Unatembea kama unaomba radhi sakafuni.” Akacheka, lakini si kicheko. “Nifikishe getini. Nikijikwaa mbele ya watu watasema ndiyo basi.”

Akanishika mkono wa ovaroli, hapa juu ya kiwiko. Tukaenda hivyo mpaka getini, kwenye mwanga mkali, na mimi kwa mara ya kwanza sikuinama. Nilikuwa ndiye ninayeona njia.

Ningeweza kusema palepale. Maneno mawili tu: glavu haikunasa.

Sikusema.

Nyumbani nikamkuta mjomba anaimba. Mjomba wangu haimbi. Siku akifurahi sana hupiga mluzi nusu, akaacha.

“Umeokota nini leo?” mkewe akamuuliza kutoka ndani.

“Mwache mtu aimbe, mama. Koo ni langu.”

Alikuwa ananawa mikono kwenye bomba la uani. Nikasimama nyuma yake. Katika nyumba ile sikuwahi kuanzisha mazungumzo hata siku moja, kwa hiyo alishtuka niliposema:

“Mjomba, glavu yangu haikunasa.”

Wimbo ukakatika. Maji yakaendelea kutiririka, hakuna aliyeyafunga.

“Umemwambia nani?”

“Sijamwambia mtu.”

Akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. “Ule mshono ni wangu, mpwa wangu.”

“Wa kwako vipi?”

“Ndio wa kwanza kabisa niliochomelea, enzi hizo najifunza kazi. Bosi wa zamani akauona akasema, huu tuutunze, mbovu kama huu hatutaupata tena. Wakauandikia cheti. Tangu hapo kila mgeni anapelekwa kuuona. Bosi anasimama na kijiti chake: ‘Hivi ndivyo mtu asivyochomelea.’ Wanacheka. Na mimi niko pale pembeni nimevaa kinyago changu cha kuchomelea, nacheka nao. Nimecheka mpaka nywele zimeota mvi!”

“Kwa hiyo ukauziba.”

“Jumamosi nilibaki peke yangu. Nikamwona mezani. Nikamwambia, leo mzee nakutibu. Nikasaga kile kipele, nikachomelea upya, nikampaka masizi afanane na uzee wake.” Uso wake ukang'aa kidogo. “Mshono ule, mwanangu, ungeuona! Umelala kama nywele zilizochanwa.”

“Na kaka Macho?”

Uso ukazima. “Nilijua watamwaga rangi, watabadilisha taa, watachoka. Sikujua watafika kwenye macho ya mtu.”

“Basi sema, mjomba.”

“Nikisema natimuliwa. Na nyumba hii ni ya karakana. Tutatoka sote, mimi, wewe, na huyo mama humo ndani na vyombo vichache ulivyombakizia.”

Vile vyombo vilikuwa vichache kweli.

“Lakini usihofu,” akasema, akafunga maji. “Kabla ya Ijumaa nitamtengeneza Mgonjwa mwingine. Atawaka, mkaguzi ataona, macho yatakuwa yamepona, na hakuna atakayejua. Kuharibu mshono kuna ugumu gani?”

Ndugu wasomaji, sijawahi kuona kazi ngumu kama ile.

Kila wenzetu walipoenda kula, mimi na mjomba tulijibanza nyuma ya mapazia ya kuchomelea. Mimi nashika bomba kwa koleo, yeye anajitahidi kuharibu.

Bomba la kwanza lilikatika vipande viwili. La pili mshono wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba aliusifu kabla hajakumbuka tunatafuta nini. La tatu alichomelea kwa mkono wa kushoto.

“Vipi?” akauliza.

“Umependeza zaidi, mjomba.”

“Mungu wangu. Ina maana nina mikono miwili ya kulia.”

Jingine alilimwagia maji ya baridi likiwa bado jekundu. Likapasuka kila upande kama kisigino kisichojua viatu. Hata kipofu angejua huyo si Mgonjwa, huyo ni maiti.

Alhamisi, tukiwa tumekata tamaa, tukasikia mlio mdogo. Tik. Tukasogeza nyuso. Ulikuwa ufa mmoja mwembamba katikati ya mshono, umekaa pale kwa adabu, kama mstari uliopigwa na mchora ramani.

“Ndio huo!” nikanong'ona. “Mjomba, usiguse.”

“Siugusi. Nautazama tu.”

Akainama autazame vizuri. Alipoinama, kinyago kikashuka chenyewe usoni kama kinavyoshuka kila siku. Kinyago kikishashuka, mkono wake una mazoea yake. Nikaona mwanga mkali, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, ufa haukuwepo.

Akainua kinyago. “Nimefanya nini?”

“Umeuziba, mjomba.”

Akaketi juu ya pipa, akaitazama mikono yake kama mikono ya jirani.

Jioni hiyo Macho alinishika tena mkono wa ovaroli. Ilikuwa imeshakuwa desturi yetu. Safari hii hakugusa ukuta kabisa, na tulipofika getini hakuniachia mara moja.

“Kesho ndio mwisho wangu,” akasema. “Nimeanza kusahau hata kijani kikoje.”

“Utaona tu, kaka.”

“Unajuaje?”

Koo langu likajaa maneno, yote kwa mpigo, kama abiria wanaogombea mlango mmoja. Nikamfungulia geti tu.

Ijumaa mgeni akafika. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viatu vya kazi na sauti ya kukata shauri. Hakutaka hata maji ya kunywa.

“Nionyesheni mgonjwa wenu,” akasema.

Tukaingia chumba cha giza: mgeni, Bosi, Macho, mimi niliyembeba Mgonjwa, na mjomba aliyeitwa kusimama mlangoni kama fundi mkuu. Taa ikazimwa tukae kwanza, macho yazoee. Hakuna giza refu kama lile.

Macho akawasha taa ya zambarau. Masikio yangu yakawaka. Mgonjwa hakuwaka.

“Mkaguzi, unaona nini?” Bosi akauliza.

Angeweza kudanganya. Angesema naona nyufa tele, na pengine angepona siku hiyo.

“Sioni kitu,” Macho akasema.

“Unasikia, mama?” Bosi akamwambia mgeni. “Nakuomba radhi. Kuanzia Jumatatu atakuja mwenye macho.”

“Hebu nisogee,” mgeni akasema. Akainama kwenye taa. “Hata mimi sioni kitu.”

Bosi akafuta miwani yake. Kisha akasema, kwa heshima zote, “Mama, tunao ubao wa herufi pale ofisini.”

“Ubao wa nini?”

“Wa macho. Haichukui muda.”

“Washa taa ya kawaida,” mgeni akasema. “Sasa hivi.”

Mwanga ukatupiga usoni. Nikainama upesi. Mgeni akamchukua Mgonjwa, akafuta unga kwa kiganja, akasugua masizi kwa kucha. Akapitisha kidole juu ya mshono, polepole, kwenda na kurudi.

“Nani kachomelea hapa?”

Akatutazama mmoja mmoja.

“Nauliza kwa wema. Nimezunguka karakana nyingi. Mshono kama huu sijauona. Umelala kama nywele zilizochanwa.”

Nikageuka kumtazama mjomba. Nilijua tumekwisha. Yule mzee angeweza kuvumilia matusi, njaa, hata mkewe akikasirika. Sifa hakuwahi kuzizoea.

“Ni mimi!” akasema, kifua mbele. “Ni mimi huyu, mama!”

Ndipo akasikia alichokisema.

“Ni wewe umefanya nini?” Bosi akauliza taratibu.

Mjomba akavua kofia. Akayatoa yote, kuanzia bosi wa zamani mpaka Jumamosi. Mgeni akauliza, “Na ule mbovu wa kwanza ulikuwa wa nani?”

“Pia wangu, mama.”

Mgeni akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Sikuweza kujua anacheka au vipi. Bosi alikuwa hachekeshwi na kitu.

“Umenimwagisha rangi nzima! Umenitupisha taa nzima! Umenifanya nimpe mkaguzi wangu matambara! Leo mtu anatoka kwenye geti hili harudi, nawaambia. Nani mwingine alijua?”

Sasa nani anamwosha Mgonjwa kila asubuhi? Bosi akafikiri, akanigeukia.

“Bubu. Ulijua?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Masikio,” Macho akasema. Alikuwa amesimama mbele yangu, macho yake mazima, ananitazama usoni kwenye mwanga, na mimi sikuwa na pa kujificha. “Tangu lini?”

“Jumatatu.”

“Jumatatu ile? Kila jioni unanipeleka getini, unaniona navihesabu vidole vyangu, na ulijua?”

Mjomba akaingilia kati haraka. “Usimlaumu mtoto, bwana. Alikuwa ananilinda mimi. Analala kwangu, anakula kwangu, angesemaje? Si ndiyo, mpwa wangu? Waambie.”

Ulikuwa udhuru mzuri. Ulikuwa umeshonwa bila ufa, kama kazi zake zote, na nusu yake ilikuwa kweli. Bosi mwenyewe alianza kupoa. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa mara moja tu, kitu ninachokiweza kuliko watu wote, na pengine tungerudi nyumbani sote.

“Si ndiyo?” mjomba akarudia.

Nikainua uso. Nikamtazama Macho, na kwa mara ya kwanza sikumwita kaka.

“Kidogo ilikuwa kwa ajili ya mjomba,” nikasema, na sauti ikatoka kubwa, nikashangaa ni ya nani. “Lakini ungejua kwamba macho yako ni mazima, usingenishika tena mkono. Nilitaka uendelee kunishika.”